Kinyama Kikishakatwa Kinakwenda Wapi?

Leo nazungumza zaidi na vijana, lakini wazazi msiondoke, kwa sababu nyinyi ndio mnaolipa ada, na mara nyingi ndio mnaoamua mtoto asome nini.

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika, kuna swali moja ambalo vijana wa masomo ya sayansi hawaachi kuniuliza. Wanasema: nikisoma sayansi ya maabara ya tiba, nitafika kwenye patholojia? Nitakuwa yule mtu anayetazama kinyama kwenye hadubini akasema hii ni saratani au hii siyo?

Naomba nijibu mapema, ili hata ukiitwa nje sasa hivi uwe umeondoka na jibu. Ndiyo, utafika kwenye patholojia. Unaweza kufanya kazi ya patholojia maisha yako yote. Lakini kwa hapa kwetu Tanzania, ile ripoti ya mwisho ya kinyama inatiwa sahihi na daktari bingwa wa patholojia, na huyo amepita njia nyingine kabisa ya masomo. Narudia, kwa kuwa wengi hugundua jambo hili wakiwa mwaka wa pili chuoni, wakati ada imeshalipwa: mteknolojia wa maabara na daktari bingwa wa patholojia ni watu wawili, njia zao za shule ni mbili, na wanakutana kwenye slaidi moja. Nataka leo uzijue njia zote mbili. Na nataka uelewe kwa nini mimi siikubali hata kidogo ile dhana kwamba aliyeko maabara ni yule aliyeukosa udaktari.

Tuanze na mgonjwa, maana wote wawili wapo kwa ajili yake.

Chukulia mama mmoja ameoga jioni, amejigusa titi, amekuta kivimbe kigumu kisichouma. Amekwenda kituo cha afya, wamempa rufaa ya hospitali kubwa. Daktari amemchoma sindano maalumu na kutoa kinyuzi chembamba cha nyama, urefu wake hauzidi sentimita moja au mbili. Mama anaambiwa, "Nenda nyumbani, usubiri majibu." Anakwenda nyumbani, halali usingizi. Je, msikilizaji, umewahi kujiuliza kile kinyama kinakwenda wapi?

Kinaingia kwanza kwenye kopo lenye formalini. Hapa naomba tukae kidogo. Nyama ikishatengana na mwili haipati tena damu wala hewa, na seli zake zinaanza kujivunja zenyewe. Haingoji kesho, inaanza pale pale. Formalini ndiyo inayosimamisha uharibifu huo na kuziacha seli zibaki kama zilivyokuwa ndani ya mwili. Lakini formalini yenyewe iwe ya kutosha, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kopo liwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama huingia laini ikatoka imekakamaa. Jina la mgonjwa, namba yake, na mahali kinyama kilipotoka, titi la kulia au la kushoto, viandikwe ubavuni mwa kopo, visiandikwe kwenye kifuniko. Kwa nini visiwe kwenye kifuniko? Kwa sababu makopo matatu yakifunguliwa mezani kwa wakati mmoja, vifuniko vinaweza kubadilishana, na hapo mama mmoja amepewa ugonjwa wa mwenzake.

Sasa ukweli wa mitaani ni upi? Kinyama kinawekwa kwenye maji ya dripu kwa kuwa formalini imekwisha. Au formalini imewekwa kidogo tu, imelowesha upande mmoja. Kisha kopo linatiwa kwenye mfuko wa plastiki, linakabidhiwa ndugu wa mgonjwa apande nalo basi hadi mjini, safari ya siku nzima kwenye joto. Likifunguliwa maabara, harufu inatangulia. Nani atakisoma kinyama hicho? Hakuna bingwa duniani, awe amesoma wapi, atakayeiona seli iliyokwisha kuoza. Itabidi mama aitwe akatwe tena. Na wako wanaoitwa wasirudi, kwa sababu nauli ya kwanza ilikuwa ya kukopa.

Umeona? Hatujafika hata kwenye hadubini, na tayari maisha ya mtu yamepita mikononi mwa aliyeandika lebo na aliyepima formalini.

Haya, tuseme kopo la mama wetu limefika salama. Tuingie nalo chumba cha histolojia, yaani kule vinyama vinakoandaliwa kwa hadubini. Kinyama kinapewa namba, kinaelezwa kwa macho, ukubwa wake na rangi yake, halafu kinawekwa kwenye kaseti ndogo ya plastiki yenye matundu. Usiku mashine inakipitisha kwenye alkoholi, kila hatua kali kuliko iliyotangulia, hadi maji yote yatoke. Baada ya alkoholi kinapita kwenye zailini, na mwisho kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Asubuhi kinyama kimejaa nta mpaka ndani.

Ndipo mikono inapoanza kazi. Mteknolojia anakichukua kwa kibanio, anakipanga kwenye chombo kidogo chenye nta ya moto, na hapo anatakiwa ajue kukilaza. Kipande cha ngozi, kwa mfano, kinasimamishwa kwa ubavu ili tabaka zote zionekane, kuanzia juu hadi chini. Akikilaza chali, daktari ataona tabaka moja tu, na kama ugonjwa umeanza kupenya kwenda chini, hatauona. Nta ikiganda, inakuwa kitofali kidogo. Kitofali kinafungwa kwenye maikrotomu, mashine yenye wembe, na gurudumu linazungushwa polepole. Chukua milimita 1, uigawe mara elfu: wembe ule unakata sehemu 3 au 4 tu kati ya hizo elfu. Unywele wa kichwani mwako ni mnene mara 10 na zaidi kuliko ukataji huo. Vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, vinawekwa juu ya maji ya uvuguvugu vijinyooshe, na mteknolojia anazamisha slaidi chini yake na kuinua kimoja kwa mkono usiotetemeka.

Wembe ukiwa butu, kipande kinatoka na michirizi. Maji yakiwa ya moto mno, kinatawanyika. Lakini kuna kosa moja ambalo wenyewe wa kazi hii wanaliogopa kuliko yote. Yale maji yasiposafishwa baada ya mgonjwa mmoja, kijipande chake kinaweza kubaki kinaelea, na slaidi ya mgonjwa anayefuata ikiinuliwa, kinapanda nayo. Hebu fikiri. Mtu mzima wa afya, kwenye slaidi yake imekaa seli ya saratani ya mtu mwingine. Kinachomwokoa ni karatasi laini inayofuta uso wa maji kila baada ya kitofali kimoja, na mtu mwenye tabia ya kuifuta hata saa kumi jioni akiwa amechoka na hakuna bosi anayemwangalia.

Baada ya hapo ni rangi. Hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, na ambayo hadi leo maabara za dunia nzima hazijaiacha, inavipa viini vya seli rangi ya buluu iliyokolea. Iosini inaipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Bila rangi hizo mbili, slaidi ni kioo kitupu, huoni kitu.

Sasa slaidi iko mezani kwa daktari bingwa wa patholojia. Anatazama seli zimepangwaje. Viini vyake vimevimba? Vimekolea kupita kawaida? Seli zinagawanyika ovyo? Zimebomoa mpaka uliokuwa unazizuia zikaingia kwenye nyama ya jirani? Akimaliza anaandika. Na karatasi hiyo ndiyo inayongojwa na kila mtu: daktari wa upasuaji, wataalamu wa mionzi na dawa pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, na mama mwenyewe nyumbani. Matibabu ya saratani hutolewa kwa kufuata karatasi hiyo, na aina ya dawa inachaguliwa kwa maneno yaliyoandikwa humo.

Wengi wetu tunamjua daktari huyu kutokana na habari za uchunguzi wa maiti tu. Tunamwita daktari wa marehemu. Tunamwonea. Sehemu kubwa ya siku yake anawafanyia kazi watu walio hai, wanaosubiri jibu.

Haya basi, kijana wangu, njia zenyewe ni zipi? Sikiliza vizuri, chukua kalamu kama unayo.

Njia ya kwanza ni ya maabara. Ukimaliza kidato cha nne na ufaulu wa masomo ya sayansi, baiolojia na kemia yakiwa mbele, unaweza kuomba stashahada ya sayansi ya maabara ya tiba, ambayo kwa Tanzania ni ya miaka 3. Ukimaliza kidato cha sita na tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia, unaweza kuomba shahada moja kwa moja. Vyuo kama MUHAS pale Muhimbili, KCMC Moshi na CUHAS Bugando, Mwanza, vinaifundisha. Utasoma damu, bakteria, vimelea, kemia ya mwili, kinga, na histolojia hiyo tuliyoizungumza. Ukimaliza, unasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Kutoka hapo unaweza kwenda uzamili na uzamivu, ukabobea, ukafundisha, ukafanya utafiti.

Njia ya pili ni ya udaktari. Unasoma shahada ya udaktari wa binadamu, miaka 5 kwa Tanzania, miaka 6 kwa wenzetu wa Kenya. Unafanya utarajali mwaka 1. Halafu ndipo unaomba uzamili wa patholojia, miaka 3 kwa Muhimbili, miaka 4 kwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hesabu mwenyewe. Ni safari ya miaka tisa na kuendelea, hujaweka ile unayofanya kazi wilayani katikati.

Na sasa jambo ambalo naomba ulisikie kwa masikio yote mawili. Wako vijana wanaojiambia, nitaanza na stashahada ya maabara, halafu nitajiunga na udaktari kwa mlango wa nyuma. Kwa Tanzania, stashahada ambayo kwa kawaida hukubaliwa kuingilia shahada ya udaktari ni ile ya utabibu, yaani wanayosoma matabibu. Ya maabara inakupeleka kwenye shahada ya maabara. Kwa hiyo kama moyo wako unataka kutia sahihi ripoti ya kinyama, usipite maabara ukitegemea kukata kona mbele ya safari. Fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka huo huo unaoomba, usome sifa za kila kozi kwa macho yako. Usimtegemee mtu wa steshenari anayekujazia fomu. Yeye ana foleni, na wewe una maisha.

Je, hii ina maana kwamba mtu wa maabara hatafsiri chochote? Hapana. Kipimo cha malaria kwenye slaidi, anayesema vimelea vipo au havipo ni yeye. Kwenye saitolojia, ambako seli za mlango wa kizazi zinapakwa kwenye slaidi, sehemu nyingi duniani mtaalamu wa maabara aliyefunzwa kwa kazi hiyo ndiye anayezisoma kwanza, na zenye mashaka ndizo zinazokwenda kwa daktari. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: wamewafunza baadhi ya wanasayansi wao wa maabara, wasio madaktari, kusoma na kuripoti vinyama vya aina fulani, kama vya utumbo, baada ya mafunzo marefu na mitihani migumu. Huku kwetu bado hatujafika hapo. Maoni yangu ni kwamba tungelitazama jambo hilo kwa umakini, kwa sababu mabingwa wa patholojia ni wachache mno. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki tano. Zipo hospitali za mkoa ambazo vinyama vyake vyote vinasafirishwa kwenda mkoa mwingine. Mama wetu wa kivimbe anasubiri wiki, na uvimbe haumsubiri.

Msikilizaji, kama umejiunga nasi sasa hivi, tunazungumza juu ya vijana wanaotaka kusoma sayansi ya maabara ya tiba ili wafike kwenye patholojia. Tumesema njia ni mbili, zinakutana kwenye slaidi. Sasa nataka nikusimulie habari moja ya hapa hapa Afrika Mashariki, uone watu wa namna hizi wakikaa pamoja wanaweza kufanya nini.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa amwone mtoto wa kiume ambaye taya zake zilivimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa ni nini. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya zilizovimba vile vile, na alipompapasa tumbo akakuta na humo mna uvimbe. Akaanza kufukua mafaili. Mwaka 1958 akaandika juu ya watoto hao.

Hapo ndipo patholojia ilipotoa neno lake. Mpaka wakati huo, uvimbe wa taya uliandikwa kwa jina lake, uvimbe wa tumbo kwa jina lake, wa figo kwa jina lake, kila kimoja ugonjwa wake. Wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, waliziweka slaidi chini ya hadubini wakaona kitu ambacho jicho la wodini lisingeweza kukiona: seli ni zile zile. Taya, tumbo, figo, ugonjwa mmoja, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Jiulize, wangeona nini kama slaidi zile zingekatwa vibaya? Majina ya waliozikata na kuzipaka rangi sijapata kuyakuta kwenye vitabu vinavyosimulia habari hii. Lakini mikono yao imo katika ugunduzi ule.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1961 Burkitt alikwenda London kutoa mhadhara, na aliyeketi kumsikiliza ni mtafiti mmoja, Anthony Epstein, aliyeamini kwamba virusi vinaweza kusababisha saratani. Wakakubaliana. Vinyama vikawa vinapandishwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Miaka ikapita, Epstein hapati kitu. Halafu Desemba 1963, ndege iliyobeba kinyama ilizuiwa na ukungu, ikapelekwa Manchester. Kilipofika London kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Ungefanya nini wewe? Wengi wangesema bakteria wameingia, mwaga. Epstein akachukua tone akaliweka chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe, zimebanduka zinaelea zenyewe. Kwa kuzikuza seli hizo, yeye na wenzake Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr waliona virusi kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 wakatangaza virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Vinaitwa Epstein-Barr.

Angalia alichofanya Epstein pale. Hakumwaga kabla ya kuangalia. Hilo linafundishwa maabara kila siku: sampuli isiyopendeza nayo ina haki ya kutazamwa kabla ya kukataliwa. Na Burkitt naye hakukaa Kampala kusubiri. Mwisho wa mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari lao kuukuu, wakaendesha kutoka Uganda kwenda kusini, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, maelfu ya kilomita, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnawaona watoto wa namna hii? Ugonjwa ule leo unatibika kwa dawa, na watoto wengi wanapona, ilimradi kinyama kisomwe mapema.

Hata miaka hii tumeona thamani ya maabara. Machi 2023, watu walipoanza kufa kwa homa isiyoeleweka kule Kagera, ni maabara ya taifa ya afya ya jamii iliyopima sampuli na kusema ni ugonjwa wa virusi vya Marburg. Kabla ya jibu hilo, kilichokuwapo ni hofu na uvumi tu.

Sasa, mwanangu, kabla hujajaza fomu, nikwambie na upande mwingine wa kazi. Formalini inawasha macho na koo, zailini inaumiza kichwa chumba kisipokuwa na hewa. Sindano zinachoma. Ukianza mafunzo kwa vitendo bila kumaliza chanjo ya homa ya ini aina ya B, umejiweka hatarini bure; chanjo hiyo idai. Kama macho yako hayatofautishi rangi vizuri, pima mapema, maana kazi hii ni ya rangi kuanzia asubuhi hadi jioni. Na mgonjwa hatakuja kukushukuru. Atamshukuru daktari aliyemwona. Wewe atakupita koridoni asikujue. Mwenye kuhitaji kusifiwa kila siku kazi hii itamchosha upesi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho, kwa kuwaona wanaodumu katika kazi hii, nakiheshimu kuliko alama za cheti. Ni ukweli. Sampuli imeanguka ikamwagika, saa nane mchana, hakuna aliyeona. Unaandika imemwagika, ichukuliwe nyingine? Au unaandika jibu la kubuni, ili mambo yaende? Majibu ya kubuni yapo, tusidanganyane, na yanaua. Kijana anayejijua kwamba darasani alikuwa akirekebisha majibu ya jaribio la kemia yafanane na ya kitabu, naomba aitazame tabia hiyo kabla ya kuja huku.

Wazazi, nanyi neno. Mama, baba, mtoto akikwambia nataka kusoma maabara, usimjibu kwa kumuuliza, "Kwa nini usiwe daktari kamili?" Muulize anataka kukaa wapi katika kazi hii: kwenye kuandaa na kupima, au kwenye kusoma slaidi na kuandika ripoti? Akisema la pili, na alama zake zinaruhusu, mwelekezeni kwenye udaktari tangu sasa, na jiandaeni kwa miaka mingi. Akisema la kwanza, mpelekeni kwa moyo mkunjufu. Ajira hazipo hospitali tu. Zipo benki za damu, zipo taasisi za utafiti kama NIMR na Ifakara kwa Tanzania na KEMRI kwa Kenya, ipo ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wapo na wanaofundisha. Tusifichane vilevile kwamba wako wahitimu wanaokaa nyumbani muda mrefu wakisubiri tangazo la ajira. Aliyejiongezea ujuzi wa histolojia au wa vipimo vya vinasaba ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa watu wa vitengo hivyo ni haba.

Na usikubali kulipa ada kwenye chuo kabla ya kuhakikisha kimesajiliwa. Vyuo vya kati vinasajiliwa na baraza la NACTVET, vyuo vikuu na TCU, na orodha zote mbili zipo wazi kwa kila mtu. Ukishakiona chuo kwenye orodha, kitembelee. Omba kuonyeshwa maabara ya kufundishia. Uliza: maikrotomu ipo, na inafanya kazi? Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapelekwa hospitali gani kwa mafunzo, na hospitali hiyo ina kitengo cha histolojia? Mkikuta mashine imefunikwa kitambaa na vumbi juu yake, chukueni fomu yenu mwende chuo kingine.

Msikilizaji mpenzi, muda wetu umekwisha. Wenye maswali yaliyobaki juu ya njia hizi mbili, tuleteeni, tutayachukua kipindi kijacho tukiwa na mteknolojia mmoja na daktari bingwa mmoja wa patholojia hapa studio, muwasikie kwa sauti zao.